Aliyesimama Nyuma ya Mama

14 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana Bibi anasema tangu utoto wako hukuwahi kusoma kitu ukiwa umekaa. Sisi hatujambo. Bibi goti linamsumbua lakini ulimi mzima. Jana kaniita mke mwenza, akanituma dukani, na nilipochelewa akatishia kunirudisha kwetu. Mama amepata kazi ya sare za shule mbili, cherehani haipoi. Paka amezaa watatu. Mimi nimeingia mwaka wa mwisho.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza niliandika kwa lugha ya shule, kwa sababu kwa lugha ile naweza kuomba kitu bila kuona haya. Nilipoisoma nikaona ni karani anamwandikia karani mwenzake. Nikaichana. Kwa lugha ya nyumbani haya imenirudia yote, lakini angalau ni mimi.

Haja yangu ni macho. Mwaka mzima sasa sioni vizuri na nilikuwa sijamwambia mtu. Kila kitu kina mwenzake hafifu pembeni. Ubaoni kila mstari una mstari mwingine chini yake. Nikifumba jicho moja, bado ni viwili. Nilikuwa naponea kwa jirani yangu wa dawati, ambaye hawezi kusoma bila kunong'ona. Anachonong'ona ndicho ninachoandika. Juzi aliumwa, nikakusanya daftari tupu. Mwalimu wa hesabu akauliza, "Wewe, ubao umekukosea nini?" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, ndivyo nifanyavyo.

Basi Mama akanipeleka hospitali. Daktari wa macho alinimulika mpaka machozi yakatoka, akasema ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Badala ya kuwa mviringo, changu kimechongoka kama ncha ya yai. Miwani haitoshi. Inatakiwa lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho lenyewe, iliyochongwa kwa kipimo changu, na hapa hazichongwi. Akaandika jina la maabara inayozichonga. Shangazi, ni maabara yako! Nilitaka kupiga kelele. Mama akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi.

Hajui kwamba nakuandikia. Vipimo vya daktari nimevinakili nyuma ya ukurasa huu, pua ikigusa karatasi. Naomba unichongee. Mitihani ni Novemba.

Mwanao,
Chiriku


2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mwambie Bibi barua imenikuta nimesimama.

Huku tupo. Korido yetu imepakwa rangi upya na kila mtu ana doa mgongoni. Jirani yangu wa chumba cha pili amestaafu. Nimerithi kiti chake na tabia yake ya kunywa chai iliyopoa. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Baba yako alikupa jina la ndege mpiga kelele kwa sababu ulifika miaka mitatu bila kusema neno, na watu wakadhani anakusifu.

Kuhusu macho, nakutumia miwani. Vioo vyake ni bora kabisa, nimevisimamia mwenyewe. Wewe bado mdogo, na lenzi si kitu cha kukimbilia.

Na usifikiri kazi yetu huku ni kuchonga lenzi tu. Hizo tunawafanyia wagonjwa kwa upande. Kazi hasa ni kuliuliza jicho maswali, na lenzi ndiyo mdomo wetu wa kuulizia. Nikupe mfano. Watu walidhani jicho likitazama kitu hutulia. Halitulii. Linatikisika muda wote, kidogo mno, hata mwenyewe hujui. Sasa ukichukua picha ndogo sana ukaifunga kwenye lenzi, ikawa jicho likienda picha inakwenda nalo, unajua kinatokea nini? Picha inapotea. Sekunde chache tu. Mtu amefumbua macho kabisa, picha iko mbele yake, naye anakwambia hakuna kitu. Jicho haliwezi kuona kisichotikisika. Akipepesa, au lenzi ikiteleza hata kwa unene wa unywele, picha inarudi.

Bila lenzi tusingelijua hilo. Ni jambo zuri sana kulijua. Nimekaa nalo miaka mingi.

Vaa miwani. Msalimu Mama yako, ukiona inafaa.

Shangazi yako


19 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ile shikamoo ya barua yangu fupi ya mwisho wa Machi nayo uiitikie humu humu, maana haikujibiwa. Mama mzima. Paka wawili wamepata wenyewe, wa tatu hatakiwi na mtu, kwa hiyo ni wangu. Bibi amefungwa mguu, na hiyo ndiyo habari.

Miwani ni mizuri, asante. Sasa vile vitu viwili naviona vyote viwili vizuri zaidi. Wiki iliyopita nilikuwa namimina chai. Vikombe vilikuwa viwili mezani, yaani kimoja, na mimi nikamimina kwenye kile cha uongo. Chai yote ilimshukia Bibi mguuni. Hakupiga kelele. Mama alipokuja mbio Bibi akasema ameteleza mwenyewe. Mama akamtazama, akanitazama mimi na birika langu. Bibi akasema, "Mke mwenza angetaka kuniua asingeanzia chini." Hakuna aliyecheka. Malengelenge yalikuwa makubwa kama vifungo vya koti.

Nina jambo jingine, na hili sijamwambia hata Bibi.

Mama anaposhona pale dirishani, nyuma yake anasimama mtu. Amepauka, amempita kidogo kwa urefu, amemwinamia begani kama anayekagua mshono. Najua ni nani. Ni Mama huyo huyo mara ya pili, kwa sababu ya konea. Mimi si mjinga, nasoma sayansi. Lakini Mama akiinuka, naona kama yule anachelewa kidogo. Baba aliondoka hapa nikiwa na miaka mitano na uso wake siukumbuki. Yule naye hana uso. Nimeanza kukaa mlangoni nikijifanya nasoma.

Kwa hiyo ukweli ni kwamba nataka lenzi na siitaki. Ukinichongea, nitamfukuza. Ndiyo maana barua zangu nazituma polepole. Lakini nimemchoma Bibi, Shangazi. Siwezi kuendelea kuchagua mtu ambaye hayupo nikamchoma aliyepo.

Nimekuambia langu. Na wewe niambie lako. Kwa nini hutaki kunichongea?

Chiriku


30 Mei

Chiriku,

Marahaba. Pole kwa Bibi. Dawa ya kuungua iko ndani ya kifurushi, apakwe mara mbili kwa siku.

Siwezi kukuchongea. Nimemwandikia fundi wa maabara nyingine akusaidie, ni mtu hodari, atakujibu.

Na habari za baba yako na lenzi usiniulize.

Shangazi


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Sikukuuliza habari za Baba na lenzi. Barua zangu huwa naandika rasimu kwanza, na rasimu ya Aprili ninayo. Nimeisoma mara nne kwa pua. Hakuna mahali nilipouliza.

Fundi wako amejibu. Foleni yake ni ya mwaka mmoja na miezi miwili.

Mwalimu mkuu ameita wazazi. Amesema hawezi kumpeleka kwenye mtihani mtoto asiyeweza kusoma karatasi ya mtihani. Amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo jina linafutwa na mimi nakaa nyumbani. Mama akamwuliza nikae nyumbani nifanye nini, hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi. Alisema kwa sauti ya chini. Ningependelea apige kelele.

Siku ile ile nilikiri kwake kwamba nakuandikia na kwamba miwani ilitoka kwako. Nilidhani atakasirika. Alisimamisha cherehani. Akasema, "Nguo za marehemu baba yako zilipoletwa, mfukoni mwa shati mlikuwa na chupa ya dawa ya jicho. Imefunguliwa, imetumika nusu. Mtu aliyegongwa na gari ana kazi gani na dawa ya jicho? Mwaka wa tisa huu nangoja huyo aje aniambie."

Anakuita "huyo", Shangazi. Bibi alikuwepo, na hakumkataza.

Basi sasa nakuuliza kweli. Baba alikuwa na nini jichoni?

Chiriku


21 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Leo hakuna habari za korido.

Kaka alipokuja huku kutafuta kazi nilimwombea ya ufundi umeme hapa maabara. Taa zetu ndogo zote alizifunga yeye, na nyingine mpaka leo zinawaka. Wakati huo jaribio letu lilikuwa lile nililokuandikia, la picha inayopotea. Tulihitaji watu wa kukaa kitini. Lenzi ya jaribio si kama ya kuonea: inabana, ili isiteleze. Jicho linatiwa matone ya ganzi, na sheria yetu ni moja tu. Nusu saa, lenzi inatoka. Matone hayaongezwi, kwa sababu jicho lililokufa ganzi haliwezi kukwambia kwamba linaumia.

Tulitaka uso ambao mkaaji anaujua sana. Akatoa picha yako, ile uliyonuna kwa sababu mpiga picha alikushika kidevu. Niliipunguza mpaka ikawa punje. Kazi yake ilikuwa kusema anachoona, yangu kuandika.

Uso hauondoki wote kwa mara moja. Unaondoka kwa vipande, na kwa vipande unarudi. Alikuwa anasema, "Macho yamekwenda. Kidevu kipo. Kidevu kimekwenda. Hakuna mtu." Kisha, "Shavu. Shavu limerudi. Huyo, huyo, amerudi, na bado amenuna!" Na anacheka. Alikuwa hajakuona kwa miaka miwili, na pale kitini ulikuwa unamjia kila baada ya sekunde chache.

Dakika ya ishirini na tisa nikamwambia, "Kaka, tunatoa."

Akasema, "Ngoja kidogo. Ameondoka vibaya, bila macho. Acha arudi."

"Ganzi inakwisha."

"Si uongeze? Nimekubeba mgongoni mimi, leo unanipangia saa?"

Alikuwa anatania. Angekuwa mtu mwingine ningemwinua. Nilikuwa na shahada mbili na funguo za chumba, lakini tangu nijifunze kutembea sikuwahi kumwambia kaka yangu hapana. Nikaongeza matone. Kila alipoanza kuongea niliinamia daftari nikaandika, na aliyekuwa anaandika hakutazama saa. Alikaa saa moja na dakika kumi.

Konea ilichubuka. Kesho yake hakuweza kulifungua jicho. Nilimpa dawa, nikalifunika kwa pamba na plasta, nikamwomba asitoke. Nilimwomba, sikumkataza. Siku ya tatu alitoka kununua betri. Jicho lililofunikwa lilikuwa la kulia, na gari lilitokea kulia.

Niliwaandikia kwamba ni gari. Jaribio lile lilitoa matokeo mazuri kuliko yote tuliyowahi kupata, likachapishwa, na wataalamu wa mbali wakajengea kazi zao juu yake. Mahali pa jina la mkaaji pana herufi moja.

Mei nilikudanganya. Lenzi zako zilikuwa tayari tangu Machi. Nilizichonga siku tatu baada ya kutuma miwani, nikazitia kwenye kichupa, na tangu hapo kichupa kiko mezani kwangu na siwezi kula mezani. Zako hazibani. Zinaelea juu ya machozi. Machozi yanajaza pale konea ilipoharibika na mwanga unapita sawasawa. Najua hayo yote. Nimewavalisha mamia ya watu. Jicho la damu yetu ndilo nililoogopa kuligusa.

Nataka kuja kukuvalisha mwenyewe, lakini sitakuja kinyemela. Msomee Mama yako barua hii yote, usiruke mstari. Akisema niache, nitaacha. Neno ni lake.

Shangazi yako


6 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeisoma. Kwa sauti, mbele ya Mama na Bibi, mimi ambaye darasani nikiambiwa nisome huwa najifanya nimepaliwa. Nilisoma polepole kwa sababu ya mistari pacha, kwa hiyo hata kama ningetaka kuruka nisingejua ninaruka wapi.

Bibi aliniomba nirudie pale Baba anapocheka. Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu, akaenda kulala na ilikuwa saa kumi ya alasiri.

Kwa siku nne Mama hakutoka kwenye cherehani. Alishona. Siku ya tano, akiwa na pini mdomoni, akasema: "Mwandikie aje mwenyewe. Asitume mtu. Na saa nitashika mimi."

Chiriku


27 Oktoba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulirudi huko salama na kwamba sasa unakula mezani. Bibi anatembea bila fimbo, na anasema chakula ulichoacha kwenye sahani siku ile kilimwumiza kuliko chai yangu. Paka asiyetakiwa amekojolea sare moja. Jina langu halikufutwa. Mtihani unaanza wiki ijayo.

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa umeniinamia, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona. Ulipovalisha lenzi ya pili Mama alikuwa ameketi na ile saa ya mezani mapajani, ameishika kwa mikono miwili. Hakututazama sisi hata kidogo. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Mimi kwanza nilihisi mchanga tu, na machozi. Kisha machozi yakatulia na ukuta ukaja. Una nyufa, Shangazi! Miaka yote nadhani ni ukuta mzuri.

Halafu nikamtazama Mama. Mvi anazo, za mbele. Na nyuma yake palikuwa na dirisha, basi. Nilikuwa nimejiandaa kumkosa yule mtu. Sikuwa nimejiandaa kuona jinsi Mama alivyo peke yake.

"Ishirini na nane," Mama akasema. "Toa."

Nikasema, "Dakika moja tu, Shangazi," nawe ukasema hapana. Mama naye akasema hapana, kwa pamoja, kama mlioambizana. Ukatoa. Nilikasirika. Nyinyi wawili mlitazamana, mara ya kwanza tangu uingie, na mimi ndiye niliyekuwa sioni tena vizuri, kwa hiyo kilichopita kati yenu sikijui.

Sijamsikia Mama akisema amekusamehe, na sitaki kukudanganya kwamba itakuwa kesho. Lakini juzi kasema, "Wifi alisema zioshwe kwa maji gani?" Kasema wifi.

Sasa nazivaa kwa muda wa saa kumi kila siku kama ulivyoagiza. Saa kumi na mbili kasoro robo nazitoa, nazitia kwenye kichupa. Mama wakati huo bado yuko dirishani anamalizia. Na yule anarudi, Shangazi. Mahali pake pale pale, begani.

Nilimwambia Mama. Nilidhani nitakufa kwa haya. Aliuliza yukoje, nikamweleza. Akageuza kiti kidogo, kana kwamba anampisha.

Jana nilitaka kujua kama naweza kumwacha aende. Nilifanya kama kwenye jaribio lako la picha inayopotea. Nilimkazia macho mahali pamoja, bila kupepesa, nikajitahidi jicho lisisogee hata kidogo. Mabega yakaanza kufifia. Kisha mkono. Mama hakugeuka; mguu wake ulikuwa unakanyaga cherehani taratibu.

"Bado yupo?" akauliza.

Alikuwa amebaki kidogo sana.

Nikapepesa.

"Yupo," nikamwambia.

Chiriku